Kompaila Yako Umeitoa Wapi?

Nimekuwa kimya hapa kijiweni karibu wiki tatu. Wengine mmeniandikia kuuliza kama naumwa. Siumwi jamani, nawashukuru. Kilichoninyamazisha ni kompyuta, tena si kwamba iliharibika. Niliifuta yote kwa mikono yangu mwenyewe, ikiwa nzima na inafanya kazi. Leo nataka niwaeleze kwa nini. Maelezo yenyewe yataturudisha mpaka mwaka 1952, kwa hiyo vuta kiti.

Kisa kilianza hivi. Nina programu ndogo ninayoitumia kupanga nyaraka zangu za kazi: picha za mikataba, rekodi za mahojiano, majina na namba za watu wanaonipa habari wakijua kwamba sitawataja. Programu hiyo ni ya bure na hujisasisha kwa skripti. Unaandika mstari mmoja, unabonyeza, skripti inakwenda kuchukua msimbo mpya kwenye intaneti, inaujenga hapo hapo kwenye mashine yako, kisha inaondoa ule wa zamani. Usiku mmoja nikabonyeza. Skripti ikaenda hatua mbili tatu, ikagoma. Ikasema haijaona kompaila ya lugha ya C kwenye mashine hii.

Nikampigia rafiki yangu mmoja fundi. Akacheka. "Kaka, hiyo ndogo tu. Usihangaike kupakua, litakumalizia bando bure. Mimi ninayo kwenye flashi, pita kesho."

Kesho yake nikapita, nikachukua, nikaweka. Skripti ikakimbia mpaka mwisho bila kulalamika. Nikajiona mtaalamu! Mchana nikamsimulia mhariri wangu, mzee ambaye kompyuta kwake ni mashine ya chapa yenye kioo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza: "Sasa mwanangu, na huyo rafiki yako alipewa na nani?"

Nikakosa jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilichokisoma ndicho kilichonifanya nifute mashine.

Kwanza tuelewane kompaila ni kitu gani. Kompyuta haijui lugha ya C, wala lugha nyingine yoyote ambayo mtu anaiandika. Ndani yake kuna namba tu. Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa namba ambazo mashine inazitekeleza. Wale mliowahi kukaa mahakamani mtanielewa haraka. Shahidi anasimama kizimbani, hajui Kiswahili. Anasema maneno yake, mkalimani anayageuza, hakimu anaandika alichosikia kwa mkalimani. Shahidi anaweza kuwa mkweli na hakimu akawa mwadilifu, lakini mkalimani akishahongwa, hukumu imeharibika na hakuna atakayejua. Kompaila ndiye mkalimani huyo.

Hapo mwanzo mkalimani hakuwepo. Watu waliandika namba zenyewe, wakakosea, wakarudia. Grace Hopper alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Vassar, Marekani, akaingia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na huko akakutana na mashine za kukokotoa. Mwaka 1952, akifanya kazi kwenye kampuni ya Remington Rand iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC, alikuwa na programu aliyoiita A-0. Kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vya programu vilivyokwisha andikwa na kuhifadhiwa kwenye utepe, na kuviunganisha kuwa kitu kimoja. Jina lenyewe la kompaila linatokana na neno la kukusanya. Mama huyu alisimulia baadaye kwamba wengi hawakumwamini. Walimwambia kompyuta inafanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu.

Mwaka 1957 John Backus na wenzake wa IBM wakatoa FORTRAN baada ya kuihangaikia kwa takriban miaka mitatu, na hapo hata wabishi wakanyamaza. Kisha mwaka 1962, kwenye chuo cha MIT, Tim Hart na Mike Levin wakafanya jambo ambalo ukilitafakari linakizungusha kichwa. Waliandika kompaila ya lugha ya LISP kwa lugha hiyo hiyo ya LISP, wakaifanya ijitafsiri yenyewe. Toka hapo ikawa kawaida: kompaila mpya inazaliwa na kompaila ya zamani, nayo ilizaliwa na nyingine kabla yake. Ni ukoo mzima. Shikeni hilo la ukoo, tutalirudia.

Sasa skripti zinaingia wapi? Twende Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Asubuhi moja mtaalamu mmoja, Steve Johnson, aliingia kwa hasira ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo haikuwa na kosa. Kosa alishalirekebisha, ila alisahau kuyatafsiri upya maandishi aliyoyarekebisha, kwa hiyo mashine ikaendelea kutekeleza yale ya zamani. Feldman akaona hili ni jambo la mashine kukumbuka, si la mtu. Akaandika programu inayoitwa make, ambayo inaangalia faili lipi limebadilika na kulitafsiri lenyewe. Inatumika mpaka leo. Hata kero yake maarufu ipo mpaka leo: kwenye faili la maagizo ya make, mistari fulani ni lazima ianze na alama ya tabo, ukiweka nafasi za kawaida inagoma. Feldman alitambua mapema kwamba uamuzi ule ulikuwa mbovu, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja na hakutaka kuwavurugia. Kwa kuwaonea huruma watu dazeni moja, dunia nzima inahangaika na tabo!

Kufikia miaka ya 1980 mfumo wa Unix ulikuwa umetawanyika, kila kampuni na wake, na kila mmoja una tofauti zake ndogo ndogo. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1987 akatoa kompaila ya bure, GCC. Hilo lilikuwa tukio kubwa, kwa sababu mwanafunzi asiye na fedha sasa angeweza kuwa na mkalimani wake mwenyewe. Lakini msimbo ule ule ulijengeka kwenye mashine hii ukagoma kwenye ile. Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akitunza programu za GNU, akaandika skripti ndogo ya kuichunguza mashine kabla ya kazi kuanza. Ikakua ikawa Autoconf. Wale waliowahi kujenga programu kwenye Linux wanaijua: unaendesha skripti ya configure, na mistari inaanza kuteremka. Je, kompaila ipo? Je, inafanya kazi? Ni gcc? Maktaba fulani ipo? Ikikosa jibu, inagoma. Ndiyo iliyogoma kwangu usiku ule.

Angalieni lakini skripti ile iliniuliza nini. Iliuliza kama kompaila ipo na kama inafanya kazi. Haikuuliza imetoka wapi. Swali hilo liliulizwa na mzee wangu wa miwani.

Na kabla yake lilishaulizwa na mtu mzito sana. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliounda Unix, walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983. Hotuba ya Thompson ilichapishwa Agosti 1984, fupi tu, kurasa chache. Alieleza jambo hili hatua kwa hatua. Chukua msimbo wa kompaila, ongeza maagizo mawili ya siri. La kwanza: ukiona unatafsiri programu inayopokea nywila za watumiaji, pachika mlango wa nyuma, ili nywila yangu mimi ifungue kila akaunti. La pili: ukiona unatafsiri kompaila nyingine, pachika maagizo haya yote mawili ndani yake. Tafsiri kompaila hiyo mara moja. Kisha futa maagizo yote ya siri kwenye maandishi, yabaki safi kabisa.

Mmeona alichofanya? Maandishi ya programu ya nywila ni safi. Maandishi ya kompaila ni safi. Waite wakaguzi mia wayasome, hawataona kitu. Lakini kompaila iliyopo kwenye mashine imeshahongwa, na kila kompaila itakayoizaa itarithi hongo hiyo. Ukoo mzima umeoza, na kwenye vyeti vya kuzaliwa hakuna alama yoyote. Na haikuwa nadharia tupu. Thompson aliitengeneza kweli, na mwaka 2023 msimbo wake huo wa siri ulichapishwa na kufafanuliwa na Russ Cox, ambaye Thompson mwenyewe alimpatia.

Kwa muda mrefu wengi waliichukua hotuba hiyo kama hadithi nzuri ya kusimulia wanafunzi. Kisha ukaja mwaka 2015.

Kisa cha mwaka huo kitawagusa, maana ni kisa cha bando. Kutengeneza programu za simu za iPhone unahitaji Xcode, furushi la Apple lenye kompaila ndani yake. Ni kubwa, gigabaiti kadhaa, na kwa watengenezaji wa China kulipakua kutoka kwa Apple kulikuwa kunachukua muda mrefu. Mtu akajitokeza na kuliweka kwenye huduma ya kuhifadhi mafaili ya Baidu, pale pale China, linapakuliwa haraka. Watu wakafurahi. Ila lilikuwa limechezewa: kila programu iliyojengwa nalo ilibeba kipande cha ziada kinachotuma taarifa za simu kwa watu wasiojulikana. Septemba 2015 wataalamu wakaligundua na kuliita XcodeGhost. Kati ya programu zilizoathirika kulikuwa na toleo moja la WeChat, inayotumiwa na mamia ya mamilioni ya watu. Miaka sita baadaye, mwaka 2021, nyaraka zilizotolewa mahakamani kwenye kesi ya Epic dhidi ya Apple zilionyesha kuwa programu zaidi ya 2,500 ziliathirika, na kwamba watu milioni 128 walikuwa wamezipakua.

Niliposoma hilo nilijiinamia. Watengenezaji wale hawakuwa wezi wala wajinga. Walikuwa na haraka, na laini ilikuwa nzito. Sisi tunaijua hali hiyo kuliko wengi. Kabla mkonge wa chini ya bahari wa SEACOM haujatufikia Julai 2009, Afrika Mashariki ilitegemea sana setilaiti, na kaka zetu wananisimulia kwamba programu ilikuwa inatembea kwa miguu, toka CD hadi CD, toka flashi hadi flashi. Mkonge ulifika, tabia ikabaki. Mimi ni ushahidi.

Mwaka 2020 mambo yakawa makubwa zaidi. Kampuni ya SolarWinds ya Marekani ilikuwa inauza programu ya kusimamia mitandao inayoitwa Orion. Wavamizi waliingia kwenye kompyuta za kampuni hiyo. Hawakugusa msimbo uliohifadhiwa, ambao wafanyakazi wangeweza kuuona. Waliweka kiprogramu kwenye seva ya kujengea, kikawa kinanyatia: kila kompaila inapoanza kazi, kinabadilisha faili moja haraka, kinasubiri kazi iishe, kinarudisha faili la mwanzo mahali pake. Maandishi safi, mkalimani kasomewa karatasi nyingine. Kisha toleo hilo likatiwa saini halali ya kampuni na kusambazwa kama sasisho la kawaida. Takriban wateja 18,000 walilipokea, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Desemba 2020 kampuni ya usalama ya FireEye, ambayo nayo ilikuwa imevamiwa, ndiyo iliyofichua. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilisema waliohusika ni shirika la ujasusi wa nje la Urusi, SVR.

La tatu, mwaka 2024, ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu lilipita kwenye mlango ule ule wa skripti za maandalizi. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inaitwa xz, ipo karibu kwenye kila Linux. Aliyekuwa akiitunza, Lasse Collin, alifanya hivyo kwa kujitolea, karibu peke yake, akiwa amechoka. Akatokea mtu anayejiita Jia Tan, akawa anasaidia, mpole, mchapakazi, toka mwaka 2021. Huku watu wengine wasiojulikana wakimsukuma Collin kwa malalamiko kwamba anachelewa, aongeze msaidizi. Hatimaye Jia Tan akapewa madaraka. Mwanzoni mwa mwaka 2024 yakatoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Sumu ilikuwa imefichwa ndani ya mafaili yanayodaiwa kuwa ya majaribio, na kilichoiamsha ni mistari iliyoongezwa kwenye skripti za maandalizi, zile za configure. Mistari hiyo haikuwemo kwenye hifadhi ya msimbo ambayo kila mtu anaitazama; ilikuwemo kwenye furushi la toleo tu.

Na mwizi huyu alikuwa makini kuliko mimi! Skripti yake kabla ya kufanya lolote ilikagua mazingira: je, hii ni Linux? Aina ya prosesa ndiyo inayotakiwa? Kompaila ni gcc? Je, hapa panajengwa furushi la Debian au la jamii ya Red Hat? Kama sivyo, inanyamaza na kuondoka zake. Aliyemkamata ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akipima kasi ya programu ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alifuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia, kabla sumu haijafika kwenye matoleo makuu yanayotumiwa na seva nyingi.

Basi tumekwisha? Hapana. David Wheeler alionyesha mwaka 2005, na kwa kina zaidi kwenye tasnifu yake ya udaktari mwaka 2009, kwamba hila ya Thompson inaweza kukamatwa. Kama mna shaka na mkalimani, mleteni wa pili asiye na undugu naye. Unaitafsiri kompaila yako kwa kompaila nyingine ya ukoo tofauti, kisha unalinganisha matokeo ya mwisho, namba kwa namba. Na mwaka 2023 watu wa mradi wa Guix walitangaza kwamba wamejenga ukoo mzima wa zana zao za kompaila kuanzia kwenye programu moja ya baiti 357. Programu ndogo kiasi hicho mtu anaweza kukaa na kuikagua kwa macho, namba baada ya namba. Wamemfukua babu wa ukoo wakamtazama usoni.

Mimi sina uwezo huo. Nilichokuwa na uwezo nacho ni kumuuliza rafiki yangu. Alisema faili alipewa na mtu aliyekaa naye hosteli. Nikampigia huyo, naye akasema alilitoa kwenye kompyuta ya duka moja la vifaa, hakumbuki lini. Ukoo ukaishia hapo. Inawezekana lilikuwa faili safi kabisa. Sijui, na sitajua. Lakini kwenye mashine ile kulikuwa na jina la mama mmoja aliyenipa karatasi ambazo zingemfukuzisha kazi, na mimi nilimwahidi. Siwezi kumwambia "inawezekana lilikuwa safi".

Nikafuta kila kitu. Nikaweka mfumo upya kutoka kwa wenyewe. Kompaila nikaichukua kwenye hifadhi rasmi ya mfumo wangu. Kwenye Debian na Ubuntu ni furushi moja tu linaitwa build-essential, na mfumo wenyewe unahakiki saini zake. Msimbo wa programu yangu nikaupakua, nikapiga hesabu yake ya SHA-256, ule mstari mrefu wa tarakimu na herufi, nikaulinganisha na uliowekwa na waandishi wake. Skripti ya kusasisha nikaifungua na kuisoma kabla ya kuiendesha, hata pale nisipoelewa vizuri. Nyaraka nyeti nikazihamishia kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, ikiwa imechomolewa wakati skripti inafanya kazi. Na sikuiendesha kwa madaraka ya msimamizi wa mashine. Najua, baada ya SolarWinds na xz, hata saini halali si kinga kamili. Lakini kuna tofauti kati ya kuibiwa na jeshi la majasusi na kumfungulia mwizi mlango kwa sababu unaogopa kumaliza bando.

Gharama yake? Usiku mbili, na bando la mwezi limekwisha tarehe nane. Rafiki yangu fundi amenuna kidogo, anasema nimemfanya mwizi. Sivyo kaka, na ninalisema hapa hadharani: wewe hukunidhulumu. Ulinipa ulichopewa, kama mimi ambavyo ningempa mwingine.

Mzee wangu nilimwambia nimemaliza. Akauliza tu: "Sasa unajua imetoka kwa nani?" Nikasema ndiyo. Akavaa miwani akarudi kwenye karatasi zake.

Haya, nimerudi kijiweni. Wale wenye programu za kusasisha usiku wa leo, kabla hamjabonyeza, nanyi jiulizeni swali la mzee.